Upande wa Pili wa Bawa

Tangu aolewe Bagamoyo, hii ya kwetu Tukuyu na si ile ya pwani, Tupokigwe hakuwahi kusimama uso kwa uso na baba mkwe wake. Mila ya Wanyakyusa haina mchezo hapo: mkamwana hamtazami baba wa mume wake, hamtaji jina, hamsemeshi. Wakikutana njiani, yeye ndiye anayeingia migombani mpaka mzee apite. Vijana wa mjini walishaanza kuicheka mila hiyo, wengine wakikaa sebule moja na wakwe zao na kutazama video. Kwa mzee Ambindwile mambo yalikuwa yaleyale. Ujumbe wowote kati yake na mkamwana ulipitia kwa dada yake, shangazi Anyosisye, na shangazi aliupenda sana wadhifa huo.

Sasa watu wa namna hiyo wanafanyaje kazi moja?

Kazi yenyewe ilikuwa ndege. Ilikuwa ile nyepesi ya watu wawili, yenye mabawa marefu ya mbao yaliyovikwa kitambaa na injini ndogo ambayo rubani akishafika juu huizima, akaelea kimya juu ya mashamba ya chai. Mzungu mmoja aliiacha bandani kando ya kiwanja cha nyasi, chini ya kilima cha Kawetele, akaenda zake kwao. Nsajigwa, rubani aliyepunguzwa kazi Mbeya, akainunua ikiwa imeota ukungu, maana mvua ya Rungwe haina huruma na mbao wala kitambaa.

Mzee Ambindwile, fundi mitambo mstaafu wa kiwanda cha chai, ndiye aliyeihudumia tangu enzi za Mzungu. Mwanawe Ackson, mume wa Tupokigwe, alikuwa mtafuta vipuri. Na kutafuta kwenyewe! Ilikuwa miaka ya soko huria. Maduka ya Tukuyu, ambayo juzi tu hayakuwa na sabuni wala kiberiti, yalijaa redio, vitenge na mafuta ya nywele. Kila kitu kilikuwepo isipokuwa ulichokitaka. Injini ile ilikuwa ya ukoo wa Volkswagen, kwa hiyo Ackson alizunguka gereji zote za Mbeya, akavuka Kasumulu hadi Malawi, akarudi na ringi za pistoni zilizokataa kuingia na plagi zilizofanana na za kweli mpaka ulipozifunga. Alirudi tena na tena mpaka akapata zenyewe. Kitambaa na uzi wa mabawa vilitoka Ulaya ndani ya begi la mtu.

Kushona ni kazi ya Tupokigwe, fundi cherehani, ila bawa halishonwi na mtu mmoja. Husimamishwa wima, mmoja akakaa huku na mwingine kule, na sindano ndefu ikapenya kutoka upande hadi upande. Inapita kushoto kwa ubavu wa mbao ulio ndani ya bawa, inarudi kulia kwake, ili uzi uukumbatie ubavu na kitambaa kisichomoke angani. Bawa likawa ukuta kati ya mzee na mkamwana, na mila ikatulia. Waliongea kwa kugonga mbao: mara moja, vuta, mara mbili, ngoja, mara tatu, basi kwa leo. Ishara ya “umekosea” haikuwepo. Nani angefikiri mkamwana ataihitaji?

Siku hiyo sindano ilirudi palepale ilipopita. Tupokigwe alivuta uzi, ukaja na kitambaa tu, mbao haimo. Akagonga mara mbili. Mzee akangoja, kwa adabu zake zote. Wakaanza tena, sindano ikarudi palepale. Akagonga tena, mzee akangoja tena. Mwishowe, kwa kukata tamaa, aligonga mfululizo, na mzee akakung'uta mikono akaenda kunywa chai.

Tupokigwe alizunguka akaenda kukagua ule upande mwingine. Kila alipogusa, mshono ulikuwa ovyo. Mkono wa mzee ulikuwa bado imara. Yaliyomsaliti yalikuwa macho. Akamkimbilia shangazi amfikishie mzee ujumbe.

“Gwe Tupokigwe!” shangazi aliruka. “Niende nikamwambie kaka yangu haoni? Fumua akishaondoka, urudie mwenyewe. Bawa litapona, na heshima ya mzee itabaki.”

“Na boliti za mkia, shangazi? Zile nazo alizifunga yeye. Jumamosi ndege inajaribiwa, na Ackson anakaa pembeni ya rubani.”

“Mungu atamlinda.”

“Mungu hakuzifunga.”

Shangazi alikataa katakata, na asubuhi akaja kukaa mlangoni mwa banda, alinde asije mtu akaropoka. Mzee akagonga kuanza. Tupokigwe alishika sindano, asiipitishe. Aliogopa, tusidanganyane. Aliogopa kurudishwa kwao Matwebe na watoto wabaki, na wanawake wa kanisani wapate cha kuongea mpaka Pasaka. Lakini alimpenda mume wake, na hasira ilikuwa imeshampanda.

“Baba,” alisema, na neno hilo tu lilitosha kumwinua shangazi kwenye kigoda. “Sindano inarudi palepale inapopita. Uzi haushiki mbao. Macho yako hayaoni vizuri, baba, na mume wangu anapanda hii ndege.”

“Umelaaniwa!” shangazi alipiga kelele. “Piga magoti uombe radhi!”

“Nitaomba radhi kwa kumsemesha. Kwa nilichosema, siombi.”

Kisha zikasikika buti za mzee zikitoka kwa mlango wa upande wake, na Tupokigwe akajua amefukuzwa. Shangazi naye akashika njia kwenda kuutangazia ukoo.

Mzee hakwenda mbali. Alisimama nje karibu na mkia wa ndege, akalipa banda mgongo, akayatazama mashamba ya chai.

“Boliti ya mkia, kushoto,” aliiambia chai.

Tupokigwe alichukua muda kuelewa. Alipoelewa, alikimbia mkiani, akajifunika kitenge kichwani asimtazame mzee, akainama, akashika.

“Imekaza!”

“Kulia.”

“Imekaza!”

“Usukani wa mkia. Nati, na pini inayoizuia.”

Vidole vyake vilipapasa tundu la pini vikalikuta tupu. Akaigusa nati, ikazunguka bila ubishi.

“Pini hakuna!” alisema. “Nati inazunguka kwa kidole!”

Njiani, shangazi alisimama. Mzee hakugeuka, ila mabega yake yalishuka, na safari hii hakuwa anaongea na chai.

“Sema tena, mwanangu,” alisema. “Dada yangu hajasikia vizuri.”

Tupokigwe akasema tena, kwa sauti zaidi.