Nembo ya Mji na Beji ya Kofia

Kazi yangu ni kubandika miji ya watu kwenye vifua vya watu. Duka liko nyuma ya soko la Isiolo, na ndani kuna mashine moja ya joto, kioo kilichopasuka na jezi zilizoning'inia hadi mlangoni. Kijana akitaka nembo ya mzinga ya timu ya Uingereza, nambandikia mzinga. Mwingine anataka yule ndege mwekundu wa mji wa bandari, mwingine meli, mwingine simba aliyesimama kwa miguu miwili. Wananuniana wiki nzima kwa sababu ya miji ambayo hawatawahi kuikanyaga. Na wallahi, sijaona hata mmoja akiulizwa babu yake alifika Uingereza mwaka gani.

Mimi niliulizwa. Si Uingereza, ni hapa hapa, nilipozaliwa mimi, na baba yangu, na baba yake.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, kipa wa timu ya mji. Siku tulipopata jezi zetu za kwanza, kocha alisema timu bila nembo ni watu tu waliovaa rangi moja. Mimi nilikuwa na mkono wa kuchora, nikapewa karatasi. Nilidhani ni kazi ya jioni moja. Ilichukua wiki tatu, kwa sababu kila mtu alitaka mji uwe wa kwao. Mshambuliaji wetu, kijana wa Merti, alisema bila mto Ewaso Nyiro yeye havai. Beki wa kulia, Mmeru, alitaka mlima, ati ndio kitu cha kwanza mtu wa Isiolo anaona akifungua mlango asubuhi. Wengine walitaka ng'ombe, wengine ngamia, na wakabishana siku mbili nzima ni yupi mwenye heshima zaidi. Halafu winga wetu, Mturkana, akauliza kwa upole mbona punda hatajwi, na ndiye anayefanya kazi. Hapo hata kocha alicheka. Basi nikaweka ngamia juu, ng'ombe chini yake, mlima nyuma yao, mto ukipita mbele, na punda mdogo kando ya maji, anakunywa. Chini kabisa nikaandika Isiolo.

Cha kwetu sikuweka. Sisi ni wa zile familia za Kisomali za askari wa mkoloni. Babu ya baba yangu alipigana vita vya Mzungu hadi vikaisha, kisha akaonyeshwa pori hili akaambiwa, kaa hapa. Nyanya aliyenilea, tuliyemwita ayeyo, alikuwa ameitunza beji ya kofia ya askari huyo ndani ya kopo la majani chai. Ilikuwa ya shaba, na katikati ina pembe ya kupuliza. Nilipomwonyesha mchoro wangu, aliupitishia kidole taratibu kama anayetafuta jiwe kwenye mchele.

"Pembe yetu iko wapi?"

"Ayeyo, nikiongeza kitu kingine hapo watapigana."

"Haya," akasema. "Wewe ndiye unawajua wenzako."

Lakini jioni hiyo hakunimiminia chai. Nilijimiminia mwenyewe.

Tulianza kushinda. Hata Kinna tuliwafunga kwao, na mashabiki wao wakatusindikiza kwa maganda ya tikiti. Kwenye mechi zetu za nyumbani kulikuwa na mzee mmoja aliyesimama nyuma ya goli langu kila Jumamosi, mswaki wa kijiti mdomoni. Nikidaka mpira, anawageukia watu na kuwaambia, "Huyo ni mtoto wetu." Sitadanganya, nilikuwa naruka hata mipira isiyohitaji kurukiwa, nimsikie akisema tena.

Mechi ya mwisho ikapangwa Meru. Kocha alituambia kuna mtu wa timu kubwa ya Nairobi atakuja kutazama, na anatafuta kipa. Usingizi ulinipotea. Shida ilikuwa moja. Kutoka Isiolo kwenda Meru kuna kizuizi cha polisi, na mimi sikuwa na kitambulisho. Wenzangu walikuwa wamejaza fomu wakapata vyao. Sisi, watu wa majina kama yangu, lazima tupite kwanza mbele ya kamati ya wazee, waseme kama sisi ni wa hapa.

Ayeyo alinipa lile kopo. "Waonyeshe hii. Baba mkwe wangu alipewa na serikali yenyewe. Hakuna atakayekuuliza kitu."

Nilienda nimevaa jezi, makusudi. Nikaingia, na nani yuko kiti cha katikati? Mzee wangu wa mswaki. Moyo ulitulia kabisa. Nikajisemea, leo nimefika nyumbani.

"Salaam aleikum, mzee."

"Aleikum salaam." Hakuniangalia usoni. "Baba ya babu yako alizaliwa wapi?"

Sikujua. Nani anajua? Nikafungua kopo nikampa beji. Aliigeuza, akampa wa kulia kwake, yule akampa mwingine, ikazunguka meza yote ikarudi.

"Hii alipewa wapi?"

"Jeshini, mzee. Halafu jeshi likamleta hapa."

"Kwa hivyo mlikuja."

Kitu alichokitunza ayeyo maisha yake yote kuonyesha kwamba sisi ni wa hapa, mtu amekishika kwa vidole viwili na kuonyesha kwamba tulitoka mahali pengine. Nikavuta jezi mbele kifuani. "Mzee, hii nembo nimeichora mimi."

"Nembo ni nzuri," akasema. "Lakini hiyo ni ya timu. Lete mashahidi. Rudi mwezi ujao."

Jumamosi mimi ni mtoto wao, Jumatatu mimi ni mtoto wa nani? Nilikasirika, nikairudisha beji ndani ya kopo na kubamiza kifuniko.

Siku ya mechi nilipanda kanta, lori la kutupeleka Meru, na wenzangu. Nilijiambia askari pia ni watu, wanapenda mpira. Kwenye kizuizi tuliteremshwa, vitambulisho vikatolewa, ikafika zamu yangu.

"Afande, mimi ni kipa. Ni wa hapa. Ona." Nikamwonyesha kifua.

"Hiyo ni nguo," akasema.

Kocha alibembeleza karibu nusu saa. Jua likapanda, mechi inangoja. Jezi ya kipa ilikuwa moja tu. Niliivua nikamrushia kipa wa akiba, ambaye alikuwa amekwisha kupanda, na hakuna aliyejua aniambie nini. Kanta ikaondoka. Nikarudi mjini kwa miguu nikiwa na fulana ya ndani, na nembo yangu ikaenda Meru bila mimi.

Kipa wa akiba alizuia penalti mbili. Yule mtu wa Nairobi akamchukua. Simchukii. Basi, namchukia kidogo.

Kitambulisho kilichukua miaka mitatu. Miaka hiyo yote nilikuwa mbuzi wa kamba: kaskazini niliweza kufika Merti, mashariki nilienda Rapsu kuvuna vitunguu, lakini kusini, ng'o. Jioni nilikuwa natembea hadi pale ninapokiona kizuizi, nageuka. Mji nilioupenda nikaanza kuuchukia, barabara zake zote, hata punda wake. Kadi ilipotoka, ilikuwa imeandikwa Isiolo, neno lile lile nililoliandika chini ya ng'ombe na ngamia. Kufikia hapo goti langu lilikuwa limekwisha kuharibika, na mpira nimeuacha.

Juzi yule mzee aliingia dukani kwangu. Amezeeka, macho hayaoni vizuri, hakunijua. Mjukuu wake wa kike ni kipa wa timu ya shule, na anataka jezi yenye nembo ya mji, si hizi za Wazungu. Nikambandikia. Mzee aliishika karibu na pua, akapapasa mto, akapapasa mlima, akamcheka punda.

"Aliyechora hii anaujua huu mji," akasema. "Huyu ni mwenyeji kabisa."

"Ni mimi, mzee. Yule uliyemwambia, 'Kwa hivyo mlikuja.'"

Alisogea hadi kwenye mashine, akainua uso karibu na rafu. Kopo la ayeyo, Mungu amrehemu, liko kwenye rafu juu ya mashine, na nadhani alilitambua kabla hajanitambua mimi.

"Ile pembe yenu," akasema polepole. "Mbona hukuiweka? Iweke sasa. Iweke kwa hii ya mtoto."

Kati ya punda na maandishi kuna nafasi ya kutosha kidole gumba. Naijua, kwa sababu niliiacha mwenyewe nikiwa na miaka kumi na tisa, nikingoja mtu asiye wa kwetu aniambie hivyo.

"Hakuna nafasi, mzee," nikamwambia, nikaikunja jezi nikampa.