Mtihani wa Kufuta

Mimi ni mtu wa hasira za haraka, na zile programu za akili mnemba zinazoandika msimbo zenyewe zilinikuta na hasira zangu hizo hizo. Ninafundisha kutengeneza tovuti katika chuo kimoja maeneo ya Makumira. Kwa miaka mingi wanafunzi wangu waliandika kila mstari kwa mikono yao, wakakosea, wakalia, wakajua. Sasa kijana anaiambia kompyuta anachotaka, anakwenda kunywa chai, akirudi anakuta tovuti nzima iko tayari. Ukimuuliza mstari huu unafanya kazi gani, anakutazama tu. Jamani! Jambo hilo lilininyima raha. Nikipika nalifikiria, kanisani mahubiri yanaendelea, mimi nalifikiria.

Nikabuni mtihani, wanafunzi wakauita mtihani wa kufuta. Unafungua tovuti yako kwenye maabara, unatoka kibarazani kusubiri na wenzako. Mimi nakata intaneti, nafuta mstari mmoja kwenye kazi yako, nahifadhi, kisha nafunga programu ya kuandikia msimbo ili usipate kubonyeza kurudisha nyuma. Halafu nakuita. Una nusu saa uutafute mstari huo na uurudishe. Aliyeandika mwenyewe anaupata. Aliyeandikiwa, shauri yake. Niseme ukweli, niliupenda sana mtihani ule.

Muhula uliopita nilikuwa na binti mmoja kutoka Oldonyo Sambu, mpole, wa kwanza kwao kufika chuo. Alikuwa tayari na sapu, yaani mtihani wa marudio, ya somo langu. Akifeli tena anadisko, anarudi nyumbani bila cheti. Tovuti yake ilikuwa ya kukodisha maturubai na viti vya harusi, nzuri kuliko zote darasani, na sote tulijua imeandikwa na ile programu, si yeye. Asubuhi ya mtihani kulikuwa na baridi kali. Alipita mbele yangu amejifunga shuka, akasema, "Shikamoo, mwalimu." Nilimwonea huruma, lakini nikajisemea moyoni, leo ndio leo.

Nikakaa kwenye kompyuta yake. Nikasoma, nikashuka, nikapanda. Mafaili yalikuwa mengi, hili linaliita lile, lile linarudi kwa hili. Mistari yenyewe ilikuwa safi, imepangwa vizuri, na mimi sikuielewa. Mimi! Nikafuta mmoja ulioonekana wa maana, nikafungua ukurasa: unafanya kazi. Nikafuta mwingine kwenye faili lingine. Bado unafanya kazi, kitufe cha kuweka oda kinaitikia kama hakuna kilichotokea. Hapo damu ikanichemka. Nikasimama, nikazunguka meza, nikakaa tena. Nikafuta hapa, nikarudisha pale, nikafuta kule, mpaka ukurasa ukawa mweupe, hauna kitu. Nikahifadhi, nikafunga programu kama kawaida yangu.

Ndipo nikagundua kwamba sijui nimefuta nini.

Kijasho chembamba kikanitoka na baridi yote ile. Nilitakiwa niahirishe. Lakini wenzake walikuwa wamejaa kibarazani wakichungulia dirishani, nikaona aibu, nikamwita.

Alitafuta. Mungu wangu, binti yule alitafuta! Mimi nilizunguka maabara kama niliyeingiwa na siafu, na kila nikipita nyuma yake nilichungulia, nikitafuta na mimi kimoyomoyo. Alisoma kwa sauti ya chini, faili kwa faili, nadhani kwa mara ya kwanza. Kuna mahali alirudisha mistari miwili, nikaikumbuka nilipoiona, nikakaribia kupiga makofi. Ukurasa ukabaki mweupe vile vile. Nusu saa ikaisha, akaweka mikono mapajani.

"Nimeshindwa, mwalimu," alisema. "Naomba tu unionyeshe ulikuwa mstari gani, nijue nimedisko kwa kitu gani."

Nikafungua mdomo nidanganye. Ningeweza kumwonyesha mstari wowote, asingejua. Lakini alikuwa ananiangalia usoni, macho makavu, anasubiri, nikashindwa.

"Sijui," nikasema. "Nilifuta mingi. Na msimbo wako huu, hata mimi siuelewi."

Hakucheka. Angecheka ningefurahi. Nikaanza kuongea haraka haraka: kwamba hajafeli, kwamba mtihani ule nimeufuta kuanzia siku hiyo, kwamba Jumatatu aje, na ile akili mnemba yake ailete kama anataka, atengeneze ukurasa mbele yangu na anieleze mstari kwa mstari. Akishindwa kueleza, hapo ndipo nitamfelisha kwa haki. Na mimi nitatengeneza wangu kwa programu hiyo hiyo, mbele ya darasa zima, niwaeleze mstari kwa mstari. Niliongea mpaka pumzi ikaniishia, nikashika kiti.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasimama, akajifunga shuka lake vizuri mabegani.

"Sawa, mwalimu, nitakuja," alisema, kwa adabu yake ile ile. "Na wewe ukishindwa, nani atakufelisha?"