Siku Niliyotaka Ukoo Wote Uwe wa Chama Kimoja

Siku ile nyumbani kwetu South End, Louisville, hapa Marekani, tulikuwepo hivi: mimi Languida, mwanangu wa kwanza Danieli, katoka shifti ya ghalani na macho mekundu, mke wake Esperansia, aliyeapishwa kuwa raia wiki ileile, na mdogo wangu Zebedayo, aliyekuja na gari kutoka Columbus, jimbo jirani, kumpongeza. Zebedayo nilimbeba mgongoni tukikimbia Burundi. Shangazi yetu Rozalia anakaa Buffalo, lakini naye alikuwepo kwa simu, imewekwa spika na kuegemezwa kwenye chupa ya chai.

Mwanangu unayesoma hapa, usidhani nilikuwa mtoto. Nywele zilishakuwa nyeupe. Lakini uraia wangu ulikuwa wa miaka miwili tu, na mwenye uraia mchanga ana makosa ya ujana.

Esperansia alikuwa na fomu ya kujiandikisha kupiga kura. Kwetu Kentucky fomu hiyo inakuuliza chama, na vyama vikubwa ni viwili: kimoja alama yake punda, kingine tembo. Kalamu anaizungusha tu mkononi. Nikamwambia, "Weka alama kwa punda. Sisi hapa wote ni wa punda."

Ngoja nikueleze. Kambini Tanzania kadi ya posho ilikuwa moja kwa nyumba nzima. Mmoja anapanga foleni, anasemea wote. Mimi ndiye niliyesimama kwenye foleni ile miaka na miaka, basi nikadhani kura nayo ni hivyo. Tena chama cha punda ndicho nilichosikia kinawasema wakimbizi vizuri, na binti yangu Tamari alikuwa bado kambini anasubiri faili lake la kuja Marekani. Majirani zetu weusi wa hapa, karibu wote niliowajua walikuwa wa punda. Kwangu jambo lilikuwa limekwisha.

Zebedayo akacheka. "Dada, basi mimi nitoe kwenye kadi. Mimi ni wa tembo."

"Tembo? Wewe?"

"Mimi. Mambo ya ndoa na ya kanisa wanayasema ninavyoamini. Na mwenye kampuni wanamjali."

"Kampuni!" Danieli akadakia. "Ndoo mbili za kudekia na mfanyakazi mmoja, na mfanyakazi mwenyewe ni mkeo!"

Tukacheka wote, hata simu ikacheka. Ningeishia pale. Lakini nikasema, "Basi umemuuza Tamari."

Kicheko kikakatika. Zebedayo alikuwa hajagusa sombe, kisamvu cha kwetu. Akavaa koti, akaniaga vizuri, kwa heshima yote, na hiyo heshima ndiyo iliyoniuma.

"Languida," Shangazi akaniita kwenye simu. "Toa spika."

Nikatoa.

"Burundi tulikimbia nini?"

Nikaibana simu sikioni.

"Mtu anakuangalia sura, anakuuliza wewe mtoto wa nani, basi ameshajua chama chako, hujafungua hata mdomo. Baba yako walimchukua hivyo. Leo uko Marekani, unamfanyia mdogo wako hivyohivyo, na sombe mezani."

"Shangazi, ni kwa ajili ya Tamari."

"Tamari usimfanye fimbo."

Na Shangazi Rozalia, mwanangu, ni wa punda kunishinda mimi! Alikuwa anagawa vikaratasi vyao nyumba kwa nyumba, kwenye theluji ya Buffalo. Nilitegemea atanitetea.

Zebedayo hakupokea simu zangu. Jumapili, baada ya ibada, Danieli akanipeleka Columbus, mtaa wa Linden, zaidi ya saa tatu barabarani. Mlango ulipofunguliwa nikapiga magoti. Akanishika makwapani.

"Dada, magoti yenyewe mabovu. Nani atakuinua?"

"Nisamehe, Zebedayo."

"Punda wako hakuniumiza. Ni lile neno. Mara tatu nimekwenda ofisi ya seneta wetu hapa, wa tembo, nimekaa na karatasi za Tamari mapajani. Msichana wa pale ananijua mpaka jina."

Alinificha ili nisije nikatumaini bure. Nililia, naye akalia, Danieli akajifanya anaangalia gari. Tamari alifika baadaye, na mpaka leo hatujui ni nani aliyelisukuma lile faili.

Esperansia fomu yake aliijaza kazini, wakati wa mapumziko. Aliweka alama wapi? Sijamuuliza.

Basi, mwanangu, uchaguzi ukikaribia watakuja kanisani wa huku na wa kule, watakula sambusa zetu, watasema "kura zenu" kana kwamba ziko kwenye gunia moja. Wasikilize. Waulize watafanya nini. Nenda ukapige kura, usibaki nyumbani. Lakini mtu asikuangalie ngozi au asikie lafudhi yako akajua umechagua nani, na wewe usimfanyie hivyo wa tumbo moja na wewe. Ukimuumiza ndugu kwa maneno, mfuate wiki ileile, hata kama ni majimbo mawili.

Mungu akupe mkono usiotetemeka kwenye karatasi ya kura, na ndugu mtakaobishana nao mezani kisha wakakuombea kwa jina. Na kama kuna nilipokosea hapa, jina au neno, aliyekuwepo anipigie tusahihishe, nikiwa bado nipo.