Bibo Linaloanguka Lenyewe

Mimi Salome sina subira, kijiji kizima cha Makote kinalijua hilo. Ninayemsimulia ni mdogo wangu Alfredi, kitindamimba wa marehemu mama, niliyemlea tangu ana miaka sita. Mtu akiniambia nilimlea vizuri, siku hizi naona ananisuta.

Alfredi alikuwa dereva wa bodaboda. Mwaka juzi alianguka njia ya Nanganga, nyonga ikavunjika vibaya, na tangu hapo anatembelea magongo. Pikipiki ndiyo basi tena, na shamba vilevile. Alikaa barazani miezi na miezi akitazama kuku. Siku moja akaniambia, "Dada, nimekuwa mzigo." Nikamfokea, kisha nikaenda nyuma ya nyumba nikalia.

Kilichomwinua ni simu. Alipata video za kufundisha kupaka rangi michoro kwa kidole juu ya kioo. Mwalimu wa kwenye video alisema uanze na kijivu, ujue kivuli na mwanga, rangi zije mwishoni. Basi miezi minane Alfredi alipaka kijivu tu. Alinichora nikipepeta mtama, na weee, hata mshipa wa shingo unaonisimama nikikasirika aliuweka!

Picha hizo aliwatumia vijana wa Masasi waliokuwa wakitengeneza kitabu cha katuni kwa kushirikiana. Awadhi alitunga hadithi, ya bibi mmoja na shamba lake la mikorosho, na Shakila akachora mistari. Walikosa mtu wa rangi. Shakila akamjibu, "Kaka, una mkono. Paka kurasa hizi nane, zikikubalika kitabu kizima ni chako." Kazi ya kufanya umekaa! Alfredi alisoma ujumbe ule mpaka nikaukariri mimi. Wiki tatu hakuinua kichwa, na nikisogea anaficha kioo. "Usichungulie, dada, utanitia nuksi."

Kurasa zilipokamilika alitaka azipeleke mwenyewe. Tukapanda basi hadi Masasi, kwenye duka la Shakila la kuchapa barua, tukamkuta na Awadhi. "Shikamoo, dada," Shakila akaniamkia. Nikaitikia marahaba, tukakaa. Akafungua ukurasa wa kwanza kwenye kompyuta, akacheka mpaka akashika meza.

"Watani zangu Wamakonde nyie! Huu utani gani tena?"

Mikorosho ilikuwa na majani ya rangi ya kutu. Mabibo, yale matunda yanayobeba korosho, yalikuwa ya kijani. Yule bibi mwenye nembo za chale usoni alikuwa kijani kama mkate uliooza. Awadhi naye akacheka. Alfredi alitabasamu, akitutazama mmoja mmoja, akingoja aambiwe kinachochekesha.

"Alfredi," nikasema, "mabibo hapo yana rangi gani?"

"Mekundu, dada. Si unaona?"

Kicheko kikakatika. Awadhi ndiye aliyesema, taratibu, kwamba wapo watu wanaozaliwa macho yao hayatenganishi nyekundu na kijani. Nikamshika Shakila mikono, nikamwomba: mimi nitakaa naye, nitamwambia kila rangi, nitakuwa macho yake. Shakila alikuwa na machozi. "Dada, kitabu kinaingia mtamboni wiki ijayo. Nisamehe. Lazima nimpe mwingine." Alfredi akaokota magongo yake. "Twende, dada. Usiwasumbue watu."

Kwenye basi nilijiuliza nilikuwa wapi miaka ishirini yote. Lakini huku kwetu nani angejua? Korosho hazichumwi. Bibo likiiva linaanguka lenyewe, wewe unaokota, halikuulizi rangi. Barabara zetu hazina taa za kumsimamisha mtu kwa nyekundu. Kisha nikakumbuka bustani ya nyanya. Nilikuwa namtuma mtoto yule akachume mbivu, ananiletea mbichi, namchapa. Kesho ananiletea mbichi tena, namchapa tena, namwita mkaidi. Ee Mungu wangu, nilivyomchapa!

Tulipofika nyumbani sikuvua hata viatu. Nikaokota bibo jekundu lililoanguka, nikakwanyua na bichi mtini, nikamwekea kila mkono lake. Sijui nilikuwa natafuta nini. Labda nilitaka Awadhi awe mwongo.

"Lipi jekundu?"

Hakuyatazama hata kidogo. Aliinua moja akalinusa, akainua la pili akalinusa, akanirudishia lile jekundu.

"Hili."

"Ulijifunza lini kunusa?"

"Zamani. Bustanini, nilipokwisha kukua." Akaitoa simu mfukoni, akaiweka kwenye mkeka kifudifudi. "Ila hii haina harufu, dada."

Nikaketi chini kando yake. Kuku walipita, tukawatazama wote wawili. Hasira yangu niliitafuta niishike, sikuiona.

"Dada," akasema baadaye, "zile nyanya ulizokuwa unanichapia. Kumbe zilikuwa mbichi kweli?"

"Zilikuwa mbichi, Alfredi."

Akatikisa kichwa polepole, akilifikiria jambo hilo.

"Mimi miaka yote nilidhani unanichapa kwa kuwa mama alikufa."