Kosa la Kunyooka Shingo

Selina Machibya alivuliwa ualimu wa kwaya kwa kosa la kunyooka shingo. Neno hili sitalipamba wala sitalipunguza uzito: mwanamke aliyeilea kwaya ya kanisa letu hapa Igoma, tangu ilipokuwa na ngoma moja iliyopasuka, aliondolewa kwa sababu kichwa chake kilirudi mahali Mungu alipokiweka.

Selina anauza vitenge Nyamagana. Miaka kadhaa iliyopita bodaboda ilimwangusha pale Kisesa, alipokuwa akitoka msibani. Hakuvunjika kitu, lakini tangu siku hiyo kichwa chake kililala kulia, kama mtu anayesikiliza majirani wakigombana nyuma ya ukuta. Jumamosi iliyofuata akaenda mazoezini hivyo hivyo. Yeyote aliyewahi kuimba kwaya kanda hii anaijua sheria ya kwanza: mtazame mwalimu, fanya anavyofanya. Akipiga hatua, mnapiga. Akiinua kiganja, mnainua. Basi waimbaji wote wakalaza vichwa kulia. Naye Selina, kwa kuwa dunia nzima aliiona imelala, aliwaona wako sawa.

Hivyo ndivyo walivyorekodi video yao juu ya mawe ya ufukweni. Ilipendwa mno. Kule Bujora mtindo ule uliitwa unyenyekevu. Kwaya moja ya Misungwi ikauiga, ila yenyewe ikalaza kushoto isije ikaambiwa imeiba.

Hakuna aliyeuliza kama mwalimu anaumwa. Na aliumwa: maumivu yalimpanda kutoka kisogoni hadi nyuma ya jicho. Mwishowe mteja wake mmoja akampeleka kwa Roza Odoyo, binti wa Musoma, mtaalamu wa kutibu viungo kwa mikono. Roza aliitazama picha ya eksrei, akamwonyesha jinsi pingili ya juu kabisa ya shingo, ile inayobeba fuvu, ilivyokaa upande.

"Lala ubavu, mama. Ulegee."

"Mwanangu, kama utaninyonga kama kuku wa Krismasi, niambie kwanza nisali."

"Hapa hakuna kisu wala sindano, mama. Hata mlio wa mfupa hutausikia."

Akaweka vidole chini ya sikio, akabonyeza taratibu, kama anayepima iwapo parachichi limeiva.

"Haya, anza," akasema Selina.

"Nimemaliza."

"Umemaliza nini, wewe? Hata kitenge hushikwa kwa nguvu kuliko hivyo!"

Alirudi mara kadhaa. Maumivu yakapungua, kichwa kikasimama, naye akaenda mazoezini akitabasamu. Kamati ikaitwa papo hapo.

"Mwalimu," alisema mwenyekiti, Mzee Shigela, "umeacha mtindo bila kuishauri kamati."

"Baba, ule haukuwa mtindo. Ulikuwa ugonjwa."

"Ugonjwa uliotuletea mialiko hadi Sengerema?"

Hellen, katibu, akadakia kwa huruma: "Dada Selina, kwani huwezi kukilaza kidogo tu wakati wa kuimba? Ukifika nyumbani unakinyoosha."

"Lazeni vya kwenu!"

Wakalaza kweli. Nafasi yake alipewa Chenge, mpiga kinanda mwenye shingo nzima, aliyeahidi kuulinda mtindo kwa moyo wote. Moyo wake ulikuwa mkubwa kuliko akili: alilaza kichwa hadi sikio likagusa bega, na kwaya, kwa utii, ikamfuata. Ilipofika Pentekoste, sauti ya nne nzima haikuweza kugeuka kumtazama mchungaji.

Wakajaa kwa Roza, baadhi yao wakiwa bado na joho.

"Jamani, mlipakiwa wote kwenye bodaboda moja?" akauliza. Alipoelezwa, alikunja mikono. "Simgusi mtu. Nikinyoosha leo, Jumamosi mnapinda tena. Chagueni: mtindo au shingo."

Mzee Shigela, aliyekuwa kwenye foleni hiyo, alikwenda moja kwa moja kwenye kibanda cha Selina, akasimama ubavu ubavu ili aweze kumwona.

"Mwalimu, kamati imetafakari."

"Imetafakari ikiwa imenyooka, au imelala?"

"Imelala, mwanangu. Ndiyo maana nimekuja. Rudi. Watu watafanya utakavyofanya wewe. Hakuna njia nyingine ya kuwanyoosha."

"Na mtindo?"

"Tutawaachia Misungwi."

Jumapili ya tarehe 22 Juni 2025, Selina Machibya alirudishiwa ualimu mbele ya usharika wote, na tangu siku hiyo kwaya ya Igoma huimba ikitazama mbele.