Ijaribu Kamera Gizani, Mwanangu

Siku ile haijanitoka kichwani mpaka leo, mwanangu, na kila nikiikumbuka moyo unanienda mbio kama ndiyo kwanza nashuka kwenye boda pale kwa Haji. Kaa vizuri. Umeniletea picha ya boksi la kamera kwenye simu, unaniambia, "Mama mkubwa, hii ndiyo nitakayoweka nyumbani Ntinda, tazama namba zake." Nimezitazama. Namba nzuri. Sasa weka simu chini unisikilize, mimi niliyeuza kamera Mengo mpaka mvi zikanijaa.

Wakati huo kamera za nyumbani zilikuwa ndiyo zinaanza kuingia Kampala. Watu wetu walikuwa wametoka kwenye vita wakijua ulinzi ni ukuta mrefu na vipande vya chupa juu yake, basi. Mimi nikawaletea jicho! Nilikuwa na miaka ishirini na sita, binti wa mwuza vitambaa, napanda ngazi na drili mkononi, buibui nimelifunga kiunoni, wanaume wamesimama chini wananitazama midomo wazi. Wee! Nilijiona sina mpinzani mji mzima.

Nilikuwa na mtindo wangu wa kuuza. Mteja akija, namsimamisha mlangoni saa sita mchana, naiwasha kamera, naielekeza barabarani. Jua la mchana lile! Kwenye skrini unaona mpaka vifungo vya shati la mtu aliye ng'ambo. Mteja anapiga kelele, mimi natabasamu, biashara imekwisha. Hakuna aliyeniuliza giza litakuwaje, na mimi mwenyewe sikuwahi kujiuliza.

Hivyo ndivyo nilivyomfungia kamera Haji. Haji alikuwa Mganda, mtu mkubwa wa mtaa, nyumba yake jirani na msikiti. Nilipomaliza kazi nikamwambia kwa maringo, "Haji, sasa zima hiyo taa ya getini. Kamera hii ina mwanga wake wa siri ambao jicho la mtu halioni. Ya nini kuwamulikia wezi?"

"Banange!" akashangaa Haji kwa Kiganda chake, akaniita nyabo, yaani bibi. "Nyabo, wewe iko na akili sana."

Akaizima. Taa yenyewe ilikuwa ikiwaka pale miaka yote, na mimi ndiye niliyeizimisha.

Sasa sikia. Haji alikuwa na bomba uani, na geti dogo halifungwi komeo. Aliliacha hivyo kwa ajili ya Mzee Masudi, muadhini wetu, ambaye kila alfajiri aliingia na birika lake, akatawadha, kisha akaenda kuadhini. Mzee Masudi alikuwa mtu mwembamba, mpole, kanzu yake nyeupe imepigwa pasi hata kama kola imechakaa. Ndiye aliyenifundisha alifu na be nikiwa mdogo.

Siku mbili kabla ya Iddi ya kuchinja, kondoo dume wa Haji akapotea. Mnyama mnene, pembe zimejikunja, watoto wa mtaa mzima walikuwa wakija kumtazama. Asubuhi Haji akaniita mbio mbio. Nikaingia sebuleni, nikaiunganisha kamera na televisheni turudishe picha za usiku, majirani wamejaa mpaka kwenye mikono ya viti. Na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa na furaha! Kamera yangu ya kwanza kushika mwizi!

Picha ikaja, nyeusi na nyeupe kama zilivyo picha za mwanga ule. Mtu anapita getini akimvuta kondoo. Uso umeungua kwa mwanga, doa jeupe tupu, hakuna pua wala mdomo. Lakini vazi lilionekana wazi: refu mpaka chini ya magoti, jeupe, lina mkunjo begani.

"Hii mutu ni Masudi," Haji akasema taratibu. Kisha akanigeukia. "Nyabo, wewe ndiyo fundi. Hii kanzu ni nyeupe kweli?"

Mwanangu, pale ndipo ningesema, ngojeni kwanza. Nikasema, "Haji, kamera haina sababu ya kumsingizia mtu. Kanzu nyeupe hiyo, mnaiona wenyewe."

Wakamwita Mzee Masudi. Alisimama mlangoni, hakuvua viatu kwa sababu hakuna aliyemkaribisha. Akaitazama picha, halafu akanitazama mimi. "Zubeda mwanangu, uso huo ni wangu?"

"Uso hauonekani, mzee," nikasema. "Lakini kanzu inaonekana."

Mzee akageuka. Akaondoka. Wazee wa msikiti wakasema watakaa kesho yake baada ya adhuhuri wamwondoe kwenye uadhini, na kwa mtu kama yule hiyo ilikuwa sawa na kumzika akiwa hai.

Nikarudi nyumbani nikiruka ruka, nikamhadithia mama. Nilidhani atanisifu. Mama akaacha kupepeta mchele.

"Umemwona uso?"

"Sikuuona, mama."

"Basi umemshuhudilia nini? Nguo?" Sauti yake ilikuwa ndogo, na mimi nilimjua mama, sauti ikiwa ndogo ujue hasira ni kubwa. "Baba yako kauza vitambaa miaka yake yote. Ulipata kumwona anamwuzia mtu kitambaa ndani ya duka bila kumtoa nje akakione juani? Hata mara moja?"

"Hapana, mama."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu rangi ya dukani inadanganya."

"Ehee. Kitambaa kitavaliwa juani, kinatazamwa juani. Na hicho kidude chako kinafanya kazi gizani, umekitazamia wapi? Mlangoni, saa sita! Mzee wa watu kakufundisha kusoma, wewe unamlipa hivi. Kesho unanipeleka dukani nikaone hiyo kamera yako inavyoona."

Nililia, lakini kwa hasira zaidi kuliko kwa toba. Nikasema moyoni, haya, na aje, ataona.

Asubuhi tukaenda. Nyuma ya duka palikuwa na stoo isiyo na dirisha, tulikuwa tukiweka marobota ya vitambaa vya baba. Nikaifunga kamera humo, ndugu ya ile ya Haji, nikavuta waya mpaka kwenye skrini iliyokuwa mezani mbele ya duka. Mama akaingia stoo na buibui lake jeusi, akafunga mlango.

Nikatazama skrini, nikapiga ukelele mtaa mzima ukasikia. Ndani ya stoo alikuwa amesimama mwanamke aliyevaa nyeupe! Nyeupe pepepe! Nikakimbia nikafungua mlango: mama, buibui jeusi. Nikafunga, nikarudi: mama, buibui jeupe.

"Kuna nini?" mama akauliza humo ndani.

"Mama usitoke! Mama simama hapo hapo!"

Yaa Rabi, sijapata kufurahi na kuogopa kwa pamoja namna ile. Nikaanza kumrushia vitu. Mwavuli mweusi wa nailoni, ukageuka mweupe. Kipande cha pamba nyeusi, kikabaki cheusi. Suruali ya fundi cherehani wa jirani, niliyoiazima akiwa bado anauliza ya nini, nyeupe. Ndipo nikaelewa. Mwanga ule wa siri hauna habari na rangi tunayoiona sisi. Nguo nyingi za nailoni na za nyuzi za viwandani, hata ziwe nyeusi kama masizi, unazirudisha kwenye kamera zimekuwa nyeupe. Yule mtu getini angeweza kuwa amevaa cheusi!

Adhuhuri ilikuwa imekaribia. Nikaing'oa kamera ukutani, nikaichukua skrini, nikapanda boda nimevikumbatia vyote viwili, mama yuko boda ya nyuma anamhimiza dereva wake kwa mdomo na kwa ngumi ya mgongoni. Tukamkuta Haji anatia udhu aende kwenye kikao. Sebuleni alikuwepo mdogo wake, Sula, aliyekuwa akikaa hapo nyumbani, anakunywa chai.

Nikamweleza Haji kwa haraka mpaka nikameza maneno. Haji hakuamini. "Nyeusi inakuwa nyeupe? Nyabo, wewe iko mgonjwa?"

Ukumbini, nyuma ya mlango, lilining'inia koti refu la mvua, jeusi, la nailoni. Nikalichukua, nikaingia nalo na kamera bafuni pasipo na dirisha, nikalitundika mbele ya kamera, nikafunga mlango. Tukatazama skrini sote.

Kanzu nyeupe ile ile. Hata ule mkunjo wa begani ulikuwepo.

Tukasikia kikombe kinawekwa chini, na Sula anainuka.

"Sula," Haji akasema, "unaenda wapi? Kaa."

Akakaa. Na alipokaa akaanza kulia, mtu mzima, kabla hajaulizwa swali. Kondoo alikuwa Katwe, kafungwa nyuma ya karakana ya wachomelea mageti, mnunuzi alikuwa aje jioni. Walimrudisha akiwa mzima, kajaa vumbi la chuma, analia kuliko Sula.

Lakini mimi nilikuwa na langu. Nikaenda msikitini, nikasimama mlangoni, nikaomba wazee waniruhusu niseme nikiwa pale pale. Nikasema, "Niliyesema ni kanzu ni mimi. Nilisema bila kujua. Lilikuwa koti jeusi, na mwenye nalo kakiri. Mzee Masudi, nimekukosea mbele za watu, nakuomba radhi mbele za watu."

Mzee Masudi akanyanyuka polepole. "Nimekusamehe, mwanangu," akasema. "Toka moyoni." Na aliniombea dua hapo hapo, na adhana ya alasiri aliisoma yeye.

Haji naye alimwomba radhi, akaiwasha tena ile taa, na geti dogo akaliacha wazi kila alfajiri, miaka na miaka. Mzee Masudi hakuingia tena. Alipita hapo mbele ya geti na birika ambalo alishalijaza maji kwake, analibeba kwa mikono miwili, akasalimu, akaendelea. Mpaka anakufa.

Basi, mwanangu, nenda dukani hapo Ntinda, lakini usimwache muuzaji akuchezee kwa mwanga wa dukani. Mwambie azime taa. Mwambie afunge milango, mwingie stoo, chooni, popote penye giza, na mtu atembee mbele ya kamera, maana anayesimama kimya hata kamera mbovu humwona, wezi hawasimami. Utazame uso. Namba kubwa ya boksi, ile ya ukali wa picha, inakuambia mambo ya mchana. Ya gizani yamo kwenye lenzi inayofunguka vizuri, na kile kioo cha ndani kinachopokea mwanga, kikiwa kikubwa ndio uzuri wake. Ukipata ile inayobaki na rangi kwa mwanga kidogo, ichukue, na taa yako ya getini uiache iwake. Kamera usiielekeze kwenye ukuta mweupe wala kwenye balbu, itapofuka. Na buibui akijenga nyumba mbele ya lenzi, panda ngazi umfukuze, usimngoje fundi.

Na ukiwa na kamera nzuri kuliko zote za Kampala, ukaona mtu ambaye uso wake huujui, sema huujui. Neno hilo halimwui mtu.

Mungu akulinde wewe na wote wanaolala ndani ya ukuta wako, akuepushe na mwizi, na akuepushe zaidi na kumwita mwizi asiye mwizi. Akupe majirani wanaoingia getini kwako bila kubisha. Amina. Haya, inuka twende, nakusindikiza dukani mimi mwenyewe, na buibui langu jeusi nimeshalivaa!