Mtaro Juu ya Udongo wa Betri

Mvua za mwaka huu zilitukuta na lundo la udongo wenye sumu juu tu ya kisima chetu cha mchangani, hapa Kinanie. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilifungwa zamani. Mkandarasi wa usafishaji alikwangua uwanja wake, akarundika udongo mteremkoni na kuufunika turubai, akingoja malori. Yalikuwa njiani, alisema. Yalikuwa njiani mwezi mzima.

Maji ya kisima hicho ndiyo tunayokunywa, ndiyo ninayonyweshea mboga ya sukuma ninayouza. Mawingu yalipoanza kujikusanya, nikamwendea msimamizi, kijana mpole mwenye buti safi.

"Boss, mvua ikija?"

"Tutachimba mtaro wa kuizuia, mama. Nitafute watu?"

"Watu tuko sisi. Wewe tafuta chai na mkate."

Nilimbana mpaka akaongeza maharagwe.

Mwethya wetu, kikundi cha wanawake wa kusaidiana kulima, tukafika na majembe. Tulichimba mteremkoni, upande wa juu wa lundo, mtaro safi, sawa kama meza, ncha zote mbili zimezibwa, vile mama zetu walitufunza shambani. Nikahesabu magunia ya mchanga yaliyokandamiza turubai, nikahesabu tena, nikaenda nyumbani.

Alasiri ikanyesha. Nilirudi mbio, jirani yangu wa mwethya nyuma. Mtaro ulikuwa umejaa pomoni, umetulia.

"Mwaitu, mama, ona vile umeshika maji!" akasema, akiisifu kazi yake.

"Umeshika. Na yataenda wapi?"

Akaangalia lundo, chini yetu. Maisha yetu yote tunachimba ili maji yakae, yazame polepole, mahindi yanywe. Sasa yalikuwa yanazama polepole kuelekea chini ya lundo. Mvua ya juu turubai iliizuia. Ya chini tuliialika wenyewe.

"Toboa ile ncha ya barabarani!"

"Mtaro mzuri hivi?"

"Toboa, nimekuambia!"

Tukatoboa, maji yakaporomoka kuelekea barabarani. Lakini kwenye ukingo wa chini wa turubai, udongo ulikuwa umeshaanza kutokwa jasho jeusi.

Kesho yake msimamizi alichota maji ya kisima kwenye chupa, yakapimwe. Akasema tusinywe, tusimwagilie, tusiuze kitu mpaka majibu yaje. Hayajaja. Tunanunua maji ya mtungi, na sukuma yangu imesimama shambani, majani mapana, ya kijani. Wateja wanauliza bei. Nawaambia haiuzwi. Wananijua, wanadhani ni mbinu, wanapandisha bei.

Nami naangalia mawingu.